Nyumba za Mke na Mume

Malindi, Unguja
19 Februari 1956

Kwa Baba Time,

Asalaam aleikum. Naomba ikukute umzima, na kile kikohozi cha vumbi la mbao kiwe kimekupungukia. Sisi huku hatujambo. Time anaendelea vizuri chuoni na skuli, Duni kang'oka meno ya mbele na hataki kucheka mbele za watu. Wote wawili wanakusalimu.

Najua utashangaa kuona khati yangu. Tangu uliponiacha tumeandikiana mara moja tu, ulipoleta taazia ya marehemu mama yangu, nami nikakushukuru. Sikuwa na nia ya kukusumbua tena. Lakini kuna jambo, na mwenye kuliweza ni wewe peke yako.

Chumba chetu unakijua. Ule ukuta wa upande wa uchochoroni, uliokuwa na ufa kama uzi, sasa umepasuka toka juu mpaka chini, mkono wangu unapita. Mwenye nyumba nshamwambia mpaka nimechoka. Anasema nyumba yote imekwisha, hata akitengeneza hapa patabomoka pale. Na masika hiyo inakuja.

Sasa sikiliza. Marehemu Bi Mwanamkasi, yule tajiri wa mashamba ya karafuu, aliusia mali yake ijengewe nyumba za wakfu kwa watu wasiojiweza. Zinakaribia kwisha, nyuma ya Mlandege. Nilikwenda kuzitazama. Ni za mawe na saruji, mabati juu, vyumba viwili na ua, kila nyumba jiko lake na choo chake. Atakayepewa atatoa kodi ndogo tu, ya kuzitengenezea nyumba zenyewe. Nilisimama mle ndani nikapiga ukuta kwa ngumi, Baba Time, haukutoa hata vumbi.

Nikaenda kwenye halmashauri ya wakfu, barazani kwa Sheikh Muhiddin. Pamoja naye walikuwepo wazee wengine, na mwanamke mmoja, Bi Tabia, ambaye ndiye anayepita majumbani kutazama hali za watu. Sheikh akaniuliza, "Umekaa mjini muda gani?"

"Nimezaliwa hapa hapa."

"Una nyumba au shamba mahali popote?"

"Sina."

"Watoto?"

"Wawili."

"Majirani wanakujua?"

"Waulizeni."

Kila nikijibu anaitikia kwa kichwa, hata moyo ukaanza kunifurahi. Tena akauliza, "Na mumeo anafanya kazi gani?"

Nikasema, "Sina mume. Nimeachwa."

Akaiweka kalamu chini. "Bibi, nyumba hizi ni za familia. Mke na mume na watoto wao, ndivyo tulivyoufahamu wasia. Mwanamke peke yake tukimpa leo, kesho ataolewa, tutakuja kukuta watu tusiowajua."

"Kwani mimi na wanangu si familia?"

"Ni familia," akasema, "lakini iliyopungua."

Nikatoka. Bi Tabia akanifuata mpaka nje, akanishika mkono. "Kakuacha talaka ngapi?"

"Moja."

"Moja tu? Basi hujafika mbali, Mwanakhamis. Mwandikie."

Ndiyo naandika. Sikuombi kwa ajili yangu. Yaliyokwisha yamekwisha. Ni kwa ajili ya wanao wapate pa kulala. Njoo tufunge ndoa upya, kwa mahari yoyote, usimame nami mbele ya halmashauri. Baadaye ukitaka kurudi Dar es Salaam, sitakuzuia.

Wasalaam,
Mama Time


Kariakoo, Dar es Salaam
8 Machi 1956

Kwa Mama Time,

Waaleikum salaam warahmatullah. Nimefurahi kusikia nyote wazima. Kikohozi kipo, hakijanishinda. Mwambie Duni acheke tu, meno yataota mengine.

Barua yako nimeisoma hapa kiwandani nimekaa juu ya gogo. Gharib, mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja, alinitazama uso akaniuliza nani kafa. Nikamwambia hakufa mtu.

Nitakwambia kweli, iliniuma. Nimeona kama unaniazima, mfano wa mtu anayeazima kanzu ya sikukuu, akishaivaa anairudisha kwa mwenyewe. Nije nisimame, watu wanione, kisha nirudi nilikotoka. Hivyo Sheikh Muhiddin atamkubali mume wa namna hiyo? Muulize kwanza.

Unasema yaliyokwisha yamekwisha. Pengine kwako. Mimi siku ile maneno yalinitoka kabla sijayatazama. Mama yako yuko kitandani, hajiwezi hata kugeuka, na mimi nakutaka umwache unifuate Bara. Uliposema huendi, nikakwambia basi kaa na mama yako, na lile neno jingine likafuata. Nilipofika bandarini nilitaka kurudi. Nikaona haya.

Sasa nakuuliza suali moja. Unataka mume, au unataka nyumba? Nijibu hilo, nami nitajua la kufanya.

Waambie watoto baba yao anawakumbuka.

Ni mimi,
Baba Time


Malindi, Unguja
27 Machi 1956

Kwa Baba Time,

Asalaam aleikum. Nimepata barua yako nasi tuko salama, Alhamdulillahi, na hilo neno salama leo nalisema kwa moyo wote, utaona kwa nini.

Nimekwenda kwa Bi Tabia kumwuliza. Amecheka, kisha hakucheka tena. Anasema mume wa kusimama tu hawamtaki. Lazima mtu awe anakaa ndani ya nyumba pamoja na mkewe, na kazi yake iwe hapa hapa Unguja, na wao watakuwa wanapita kutazama. Wapo waliojaribu kuwadanganya, wamefutwa. Kwa hivyo ukija, ni kuja kabisa.

Juzi alasiri mvua kubwa ilinyesha. Duni alikuwa amelala pale pale upande wa ukuta, unajua hana mahali pengine. Time akamwita mlangoni amwonyeshe maji yanavyopita uchochoroni kama mto. Duni hajafika mlangoni, mawe yakaanguka. Jiwe moja kubwa lilikaa juu ya mto wake, pale pale penye alama ya kichwa. Sikulia. Nililitoa lile jiwe, nikafuta matope, nikatandika upya upande wa pili wa chumba. Jioni nikatia chumvi katika mchuzi mara mbili.

Umeniuliza nataka mume au nataka nyumba. Nimekaa na suali lako siku nyingi. Nikikwambia nataka mume, utasema ni huu ukuta unaosema. Nikikwambia nataka nyumba tu, nitakuwa mwongo. Basi njoo utazame mwenyewe.

Lakini nakuomba kitu kimoja, Baba Time. Nijibu. Hata ukisema huji, nijibu. Halmashauri itachagua watu wake baada ya sikukuu ya Ramadhani. Nikijua huji nitatafuta njia nyingine. Nisichokiweza ni kukaa sijui.

Wasalaam,
Mama Time


Malindi, Unguja
29 Aprili 1956

Kwa Baba Time,

Asalaam aleikum na Ramadhani karimu. Sijui funga imekukuta wapi na katika hali gani. Sisi tunafunga, hata Duni anajitia kufunga mpaka adhuhuri.

Nimeandika, hukujibu. Meli kutoka Dar es Salaam zimekuja na kuondoka. Kila inayokuja, Time hutoka akachelewa kurudi, na nguo zake zinanuka moshi wa bandarini. Haniambii alikokwenda, nami simwulizi.

Nakuandikia upya kwa sababu sitaki uje kusema hukuambiwa. Kuna mtu kaniposa. Jina lake Msabah, fundi wa majiko ya mafuta pale Darajani, utakuwa umemwona, mtu wa makamo, ana mvi. Mkewe alifariki mwaka jana akamwachia mabinti wawili. Naye alikwenda kuomba nyumba, naye akarudishwa. Mwanamume na watoto bila ya mke, kwa Sheikh Muhiddin, hiyo nayo ni familia iliyopungua.

Nilirudi kuwaomba tena, tukawa tumekaa sote barazani kwa Sheikh tunangoja, kila mtu na lake. Akaniambia kwa adabu, hata usoni hanitazami, "Bibi, mie nna watoto sina mke. Weye una watoto huna mume. Mimi sikuja hapa kukutafuta, wala wewe hukuja kunitafuta. Lakini watoto wetu wanataka paa. Hebu fikiri." Hakuongeza neno. Alimtuma mtu kwa kakangu Abdulla, ambaye ndiye walii wangu, na Abdulla keshakubali. Kila siku ananiuliza, "Unangoja nini?"

Nimemwambia nangoja mpaka sikukuu ipite.

Baba Time, sasa unajua ninachokingoja.

Wasalaam,
Mama Time


Nyuma ya Mlandege, Unguja
10 Juni 1956

Kwa Baba Time,

Asalaam aleikum. Naomba Mungu iwe ulifika salama huko ulikorudi. Watoto wazima. Nami mzima wa mwili.

Nilikusikia.

Nilikuwa uani nakuna nazi. Nikasikia hodi, na hata hujaimaliza hodi yenyewe, mkono ukasimama. Msabah akatoka kukufungulia. Maneno yote yalinijia, ua wetu hauko mbali na mlango.

Akasema, "Karibu, bwana."

Ukasema, "Mimi Shaame. Baba wa Time na Duni."

Nikasikia mlango unafunguliwa wote. Halafu akakwambia, "Baba wa watoto hasimami nje. Pita ndani, kahawa ipo."

"Ahsante sana. Nnapita tu, nikasema niwaone."

"Umekuja kukaa Unguja?"

"La. Nnapita tu."

Watoto wakaja mbio. Nikamsikia Duni akicheka, yeye asiyecheka mbele za watu. Time sikumsikia kabisa. Nilipochungulia baadaye kwenye upenyo wa pazia, alikuwa amekushika mkono wa kanzu kwa mikono miwili, kama mtu aliyeshika kitu sokoni anaogopa mwingine atakitwaa.

Sikutoka. Unaweza kusema sikutoka kwa kuwa sasa ni mke wa mtu. Mtu mwingine angesema nilikuwa na nguo za jikoni. Yote hayo ni kweli, lakini si yaliyonizuia. Niliishika ile nazi iliyokunwa nusu, nikabaki nyuma ya pazia.

Ulipokwisha kuondoka Duni akaja akaniambia, "Baba kaweka masanduku yake dukani pale njia panda. Na godoro. Na misumeno yake yote."

Mtu anayepita hachukui godoro, Baba Time. Hachukui misumeno yake yote.

Nikuhadithie ilivyokuwa. Sikukuu iliingia, ikapita. Niliwavalisha watoto, nikawapeleka uwanjani, na huku macho yangu yako kwenye kila mwanamume anayetokea njia ya bandarini. Ilipokwisha, Bi Tabia akaja mwenyewe mpaka chumbani Malindi, akatazama lile pengo la ukuta tuliloliziba kwa gunia. Akaniambia, "Wiki ijayo wanafunga majina. Mwanangu, kama una mume mlete, kama huna mtafute." Abdulla alikuwepo. Akanitazama tu. Nikasema, "Haya."

Ndoa ilifungwa Ijumaa. Siku ya pili yake tukaenda kwa Sheikh Muhiddin, mimi na Msabah, na watoto wanne nyuma yetu. Sheikh akafurahi, akasema, "Hii sasa ndiyo familia." Akatuandika. Ufunguo tukapewa siku ile ile, na wewe ukaja wiki ile ile, hata vyombo sijamaliza kuvipanga.

Kile chumba cha Malindi kimeanguka. Siku chache baada ya wewe kuondoka, mvua za mwisho zilikiangusha chote, na dari juu yake. Bi Kurwa, jirani, kasema alidhani ni mlio wa mzinga. Nilikwenda kupatazama. Mahali tulipokuwa tukilala, mimi na wewe na hawa watoto, pamekuwa kifusi, paka wanapita juu yake.

Sikulaumu, wala sikuandikii kukugombeza. Nataka kujua jambo moja tu. Kwa nini hukuandika?

Wasalaam,
Mama Time


Tanga
2 Julai 1956

Kwa Mama Time,

Waaleikum salaam. Barua yako Gharib kaniletea huku. Kiwandani Dar es Salaam nafasi yangu walikwisha kumpa mtu, nami sikutaka kukaa. Niko katika shamba la mkonge, natengeneza milango na meza. Mzima.

Nitakujibu kwa sababu umeniuliza.

Ile barua yako ya Machi niliipata. Niliposoma njoo utazame mwenyewe, nilifahamu. Nilifurahi hata Gharib akanicheka, akasema mtu mzima anaruka kama mwana mbuzi. Siku ile ile nikamwendea tajiri kumwambia nataka kuacha kazi. Akaniambia yuko tayari kunipa haki yangu yote, lakini nikamalizie kwanza kazi ya magogo huko Rufiji. Nikikataa, niondoke hivi hivi. Nikajisemea, nilimwacha mke wangu mikono mitupu, sitamrudia mikono mitupu. Nikaenda Rufiji.

Kabla ya kwenda nilikaa kukuandikia. Karatasi ilikuwa mbele yangu, kalamu mkononi. Nikafikiri, mimi kilichoniponza ni kinywa changu. Kwa nini safari hii nisinyamaze, nije tu? Nilijiona nimesimama mlangoni Malindi na masanduku yangu, nawe unatoka, unaniona, unafahamu yote bila ya mimi kusema kitu. Niliipenda sana picha hiyo. Huko mwituni nilikuwa nayo kila siku, nikipasua mbao naiona. Na huku wewe unahesabu meli. Sikulifikiri hilo hata mara moja, na ndilo linalonikaa mpaka leo. Wewe uliniomba neno, mimi nikakuwekea zawadi.

Kule tulikokuwa hakuna posta. Mvua zikaharibu njia, kazi ikachelewa, sikukuu ikanikuta ng'ambo ya mto. Niliporudi Dar es Salaam Gharib akanipa barua yako ya Ramadhani. Nikaisoma nimesimama. Nikafunga mizigo, nikapanda meli ya kwanza iliyopatikana. Njiani nilikuwa nasema, bado, bado, Mwanakhamis ataningoja.

Malindi nikakuta mlango wazi na chumba kitupu. Bi Kurwa akanitazama toka juu mpaka chini. "Wewe Shaame? Wamepata nyumba ya wakfu. Mwanakhamis kaolewa Ijumaa." Akaniletea maji ya kunywa, akasimama mpaka nikayamaliza.

Nilitaka kurudi bandarini. Miguu ikanipeleka Mlandege. Nikauliza nyumba, nikaonyeshwa. Time alikuwa anatoka bombani na ndoo kichwani, pamoja na wasichana wengine wawili, nadhani ndio mabinti wa Bwana Msabah. Walikuwa wanacheka, maji yanawamwagikia. Kabla hajaniona nilimtazama anavyokwenda. Anakwenda kama wewe. Nikaitazama na nyumba. Nyumba nzuri, Mama Time. Mimi ni seremala, nazijua. Milango yake wameifunga vizuri.

Nilisema nnapita tu kwa sababu ningesema kweli, Bwana Msabah angenionea huruma, nawe ungepata aibu katika nyumba ambayo hata hujaizoea. Ni mtu mwema. Kama angekuwa mtu mbaya ingekuwa nyepesi kwangu.

Sasa wewe ni mke wa mtu, na si vizuri mimi kukuandikia. Hii iwe ya mwisho. Time anajua kuandika. Mwache aniandikie yeye, nami nitamjibu yeye, na kilicho cha matumizi yao kitapitia kwa Abdulla.

Nisamehe kwa lile la mwanzo na hili la pili.

Baba Time


Nyuma ya Mlandege, Unguja
21 Mei 1957

Kwa Baba Time,

Asalaam aleikum. Idi imekwisha, Mungu akutakabalie. Najua ulisema tusiandikiane, nami nimekutii karibu mwaka mzima. Barua zako kwa Time nazisikia akizisoma kwa sauti, makusudi, karibu na mlango wa jikoni.

Hii naandika kwa idhini. Juzi Msabah aliniona nimekaa uani kimya, akaniuliza nina nini. Nikamwambia sina kitu. Akatengeneza lile jiko lililo mkononi mwake mpaka likawaka, ndipo akasema, "Mwandikie baba wa watoto. Mimi nitaipeleka posta. Kuna mambo mtu lazima ayaseme kwa yule yanayomhusu." Hakuniuliza ni mambo gani. Ndivyo alivyo. Tunakaa kwa heshima. Mabinti zake wananiita mama, nami nawasuka. Mara nyingine namsikia akimtaja marehemu mkewe usingizini, nami najifanya sikusikia, na sidhani kwamba mimi pia silitaji jina la mtu.

Nikwambie kilichonikalisha kimya. Bi Tabia alikuja kututazama, kama wanavyofanya. Alizunguka nyumba, akaonja uji wangu, akafurahi. Kisha akasema, kwa uso wa mtu anayeleta zawadi, "Mwanakhamis, nimeshinda! Wanajenga nyumba nyengine, na Sheikh Muhiddin kakubali. Mwanamke mwenye watoto, hata kama hana mume, atapewa. Kakubali kwamba hao nao ni familia. Nimebishana nao mwaka mzima, na kila nikibishana nilikuwa nawatajia wewe."

Nikamwambia, "Mungu akulipe." Alipoondoka nikachukua nguo zilizokwisha kufuliwa nikazifua tena.

Masika moja tu, Baba Time. Ningesubiri masika moja. Halafu nakumbuka kile kifusi cha Malindi, na kwamba masika ile ile ndiyo iliyokiangusha chumba, na Duni angekuwa ndani. Basi hata kujuta kwenyewe sijui nijute lipi. Kila upande nikiugeuza, kuna mtoto chini ya mawe au kuna wewe mlangoni na masanduku.

Uliandika kwamba kosa lilikuwa lako kwa kunyamaza. Nusu yake ni yangu. Nilikuandikia nikasema sikuombi kwa ajili yangu, na ule ulikuwa uwongo. Bi Tabia aliponiambia mwandikie, kitu cha kwanza nilichokiona si nyumba. Nilikuona wewe unavua viatu mlangoni. Nikaona haya kuandika hivyo, nikaandika habari ya ukuta. Ukaniuliza waziwazi, unataka mume au nyumba, na bado nikakuzungusha. Ningeandika "nakutaka," ungejibu siku ile ile. Nakujua.

Sikuambii haya ili tufanye jambo. Hakuna la kufanya. Msabah hakunikosea kitu na mimi sitamkosea. Nilitaka tu usiwe peke yako katika lile kosa.

Watoto wanakusalimu. Duni sasa ana meno yote.

Wasalaam,
Mama Time


Tanga
16 Juni 1957

Kwa Mama Time,

Waaleikum salaam. Barua imefika, na salamu za watoto. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha tangu niache lile vumbi la kiwandani. Mpe Bwana Msabah salamu zangu, umwambie nimeshukuru, ataelewa.

Nimeisoma mara moja tu kisha nikaikunja. Hayo uliyoniambia nimeyapata. Ulifanya vizuri ulivyofanya. Usijihukumu kwa masika. Chumba kilianguka, mwanangu yuko hai, na mimi ningejenga msikiti kwa hilo kama ningekuwa na uwezo.

Nimefurahi kwa hao wanawake watakaopewa nyumba. Mwambie Bi Tabia hivyo, kama kutoka kwa mtu asiyemjua.

Na huku kwetu wanajenga nyumba mpya za wafanyakazi. Juzi karani wa shamba alipita kuuliza watu. Alinikuta napiga randa.

"Una familia?" akaniuliza.

"Nnayo."

"Iko wapi?"

"Unguja."

"Mkeo atakuja lini?"

"Haji."

"Na watoto?"

"Wako kwao. Wana nyumba ya mawe, na mlango mzuri."

Akanitazama, kijana mpole tu, hakuwa na nia mbaya. "Basi bwana, hiyo si familia. Nyumba ni za watu wenye familia. Nikuandike huna?"

Nikamwambia, "Andika unavyoona."

Baba Time